Nyasi Zetu Si Ardhi Tupu: Barua ya Wazi kwa Viongozi wa Nyanda za Juu Kusini

Kwa:
Mheshimiwa Waziri wa Maliasili na Utalii,
Waheshimiwa Wakuu wa Mikoa ya Mbeya, Njombe na Iringa,
Wakurugenzi wa Halmashauri na Wenyeviti wa Serikali za Vijiji.

YAH: KUPANDA MITI JUU YA NYASI ZA MILIMANI

Waheshimiwa, walionizidi umri shikamooni. Waliobaki nawasalimu kama nilivyokuwa nawasalimu asubuhi darasani, maana wachache wenu nimewafundisha.

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa baiolojia. Nimezaliwa Matamba, Makete, na sasa naishi Uyole. Msimu wa mvua uliopita nilialikwa kwenye uzinduzi wa kampeni ya kupanda miti katika kata moja huku milimani. Kata siitaji, kwa sababu ingeweza kuwa yoyote. Palikuwa na turubai, spika kubwa mbili, ngoma, na maji ya chupa kwa meza kuu. Mgeni rasmi alisimama, akanyoosha mkono kuelekea kilima kilichokuwa mbele yetu, akasema: hapa palikuwa patupu, leo tunapavisha nguo. Makofi yakapigwa. Nilipiga na mimi, maana nilikaa mstari wa mbele na mtu mzima haaibishi wenyeji.

Lakini nikainamisha macho. Kati ya kiti changu na cha diwani palikuwa na okidi ya njano iliyokanyagwa nusu. Nikaanza kuhesabu mimea ya aina tofauti kwa macho tu, bila kunyanyuka, na hotuba ilipoisha nilikuwa nimefika aina kumi na tisa. Kumi na tisa, chini ya turubai moja. Kisha vijana wakaja na majembe, wakachimba mashimo kwa kamba iliyonyooka, tukapanda milingoti, yaani mikaratusi.

Barua hii naiandika kwa sababu ya neno hilo moja alilolisema mgeni rasmi: patupu.

Nianze mbali kidogo, mnivumilie. Mwaka 1988 mwanaikolojia Mwingereza, Norman Myers, aliuliza swali la kibahili. Fedha za kuhifadhi viumbe hazitoshi na hazitakaa zitoshe. Basi tuziweke wapi ili kila shilingi iokoe viumbe wengi kuliko ingewekwa kwingine? Akaorodhesha misitu kumi ya nchi za joto. Mwaka 2000, yeye na wenzake wakachapisha orodha ya maeneo 25 ya dunia. Leo yamefika 36. Kwa Kiswahili tunaweza kuyaita vitovu vya bioanuwai, yaani vya wingi wa aina za viumbe, ingawa jina hilo linaficha nusu ya maana yake.

Ili mahali paingie kwenye orodha hiyo, pana masharti mawili. La kwanza, pawe na angalau aina 1,500 za mimea ambayo haioti popote pengine duniani. La pili, pawe pameshapoteza asilimia 70 au zaidi ya uoto wake wa asili. Someni tena hilo la pili. Sharti la kwanza ni sifa; la pili ni cheti cha daktari. Kwenye hotuba tunalisoma la kwanza kwa sauti, la pili tunalimeza. Mtu akiwaambia kwamba mkoa wenu umo katika kitovu cha bioanuwai, amewaambia pia kwamba sehemu kubwa imeshakwenda, na kwamba mmekabidhiwa masalia.

Masalia yenyewe ni madogo mno. Ukikusanya uoto wa asili uliobaki katika maeneo yote 36, haufiki asilimia 3 ya nchi kavu ya dunia. Humo ndani kuna zaidi ya nusu ya aina zote za mimea ya dunia, na mimea hiyo haipatikani nje ya hapo. Ndiyo maana Myers aliona busara ya kuanzia huko. Mkulima mwenye ndoo moja ya dawa na shamba la ekari kumi anaelewa hesabu hii bila kufundishwa.

Sisi tumo katika ukanda wa milima ya mashariki mwa Afrika, unaoanzia Saudi Arabia na Yemen, ukashuka kwa Ethiopia, ukapita kwetu hadi Msumbiji na Zimbabwe. Ndani yake kuna Tao la Mashariki, safu ya milima mikongwe inayoanzia Taita nchini Kenya na kuishia Udzungwa, Iringa. Kisha linakuja pengo la Makambako, lile ambalo abiria wa mabasi ya Mbeya hulijua kwa upepo wake na kwa kushuka kuchimba dawa. Ng'ambo ya pengo hilo inaanza milima yetu mingine: Kipengere, Livingstone, Poroto, Rungwe. Wanabaiolojia huwa makini sana na pengo hilo, kwa sababu viumbe wa upande huu mara nyingi si wale wa upande ule. Abiria anapanda basi, anaendelea na safari, wala hajui kwamba amevuka mpaka.

Mfano wa aliyeruka mpaka huo ni kipunji. Nyani huyu mwenye sauti ya ajabu, kama anayebweka na kupiga honi kwa pamoja, alitambuliwa na watafiti mwaka 2003 katika misitu ya Rungwe na Livingstone, na muda mfupi baadaye akaonekana Ndundulu, katika Udzungwa. Wanyakyusa walikuwa na jina lake muda wote. Ndiyo maana anaitwa kipunji mpaka kwenye vitabu vya sayansi. Mwaka 2005 dunia ikatangaziwa. Mwaka 2006 wataalamu wakaona hafanani na ukoo wowote unaojulikana, wakampa jenasi (kundi la ukoo) yake mwenyewe na kuiita Rungwecebus, kwa jina la mlima wetu. Jenasi mpya ya nyani wa Afrika ilikuwa haijatokea tangu 1923. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2008 ilikuta wapo 1,117 tu duniani, wengi wao hapa kwetu na wachache kule Ndundulu. Hesabu za baadaye zimeonyesha wanaongezeka. Kwa hilo nawapongeza walinzi wa misitu, ambao mara nyingi hupongezwa wakiwa wameshafukuzwa kazi au wameshakufa.

Na Iringa wasione wameachwa. Mwaka 1991 watafiti kutoka Denmark, wakiwa kambini katika misitu ya Udzungwa, waliona miguu ya ndege ndani ya sufuria ya mboga, miguu ambayo hawakuitambua. Hivyo ndivyo kwale wa Udzungwa alivyoingia kwenye sayansi: akiwa ameshaiva. Ukiacha ndugu yake wa milima ya Rubeho, jamaa zake wa karibu hawapatikani Afrika. Wapo kwenye misitu ya Asia. Nilikuwa nawasimulia wanafunzi habari hii kila mwaka na hakuna aliyesinzia. Msitu ambao unaweza kumficha ndege wa namna hiyo hadi 1991 bado una mambo haujayasema.

Sasa, waheshimiwa, mmeona? Nimetaja nyani, nikataja kwale, wote wa msituni. Hata mimi. Msitu una watetezi. Mlima Rungwe ukawa Hifadhi ya Mazingira Asilia mwaka 2009, Udzungwa ni Hifadhi ya Taifa tangu 1992. Mtu akikata mti mmoja mkubwa porini anakamatwa, na hakuna anayeshangaa. Nyasi hazina wakili.

Isipokuwa Kitulo. Wenyeji tulipaita Bustani ya Mungu kabla ya kibao cha TANAPA kuwekwa, na mwaka 2005 pakawa Hifadhi ya Taifa ya kilomita za mraba zipatazo 413, ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya maua. Mimea inayotajwa pale ni aina 350 hivi, zikiwemo okidi 45. Tembo hakuna, simba hakuna. Wageni huja na kamera kupiga picha kitu ambacho sisi huku juu tunalisha ng'ombe. (Kwa wanaopenda ubishi: kilele cha Mtorwi, upande huo wa Kitulo, kina mita 2,961, Rungwe 2,960. Watu wa Tukuyu wanajua, hawapendi kuulizwa.)

Lakini nyasi za milimani haziishii kwenye mpaka wa Kitulo. Zilikuwa zimetanda Makete, Njombe, Mufindi, Poroto, mpaka kingo za Kilolo. Zikaja ngano, pareto, viazi mviringo, chai, kisha misindano (misonobari) na milingoti. Kilichobaki nje ya hifadhi ni vipande: kilima hapa, mgongo pale, bonde la majimaji katikati ya mashamba mawili. Vipande hivyo ndivyo vinavyoitwa patupu.

Neno hilo lina meno kuliko mnavyodhani. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, inapoeleza maana ya ardhi ya jumla, ile inayosimamiwa na serikali kuu, inaingiza humo na ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka huo huo haisemi hivyo, na wanasheria wameshabishana vya kutosha. Ila kijijini matokeo yake ni haya: mwenyekiti anaogopa kuacha kilima "bila matumizi", kwa sababu kesho atakuja mtu na gari na ramani kuuliza kwa nini kimekaa bure. Namna rahisi ya kuonyesha kwamba kinatumika ni kukijaza miche. Kwa hiyo kijiji kinapanda miti kulinda ardhi yake, mkoa unapanda kufikisha lengo, na wote wawili wanaandika kwenye taarifa kwamba wamehifadhi mazingira.

Kwani pale penye nyasi pana nini? Sehemu kubwa ya mimea ya nyasi za milimani imejificha. Juu unaona jani na ua la wiki tatu; chini kuna kiazi, tunguu, mzizi mnene wa miaka mingi. Ndivyo inavyoishi na moto, na umande unaoganda alfajiri za Juni, na ng'ombe. Kitu kimoja haikiwezi: kivuli. Funika kilima kwa milingoti miaka kumi, halafu kata miti yote. Patarudi nyasi, ndiyo, magugu na majani ya kawaida ya kando ya barabara. Okidi hazirudi. Watu hudhani nyasi ni kitu kinachoota siku tatu baada ya mvua, kwa hiyo hakuna haja ya kuzionea huruma. Nyasi za milima yetu ni kongwe kuliko kijiji chochote kilichopo juu yake.

Kuna mbayuwayu wa buluu, mdogo, anayeng'aa kama chuma kilichopigwa msasa. Mvua zikikaribia anatoka pande za Ziwa Victoria kuja kuzaliana kwetu kusini. Hajengi darini kama mbayuwayu wengine. Anatafuta shimo lililochimbwa na muhanga, yule mnyama mla mchwa, katikati ya nyasi, anaingia ndani ya ardhi, anabandika kiota cha tope kwenye ukuta wa shimo. Anahitaji nyasi za kuwindia wadudu, na anahitaji muhanga. Muhanga anahitaji mchwa na udongo wa kuchimbika. Ukipanda mlingoti juu yao, hakuna hata mmoja kati yao utakayemwona amekufa. Wanaondoka tu, na katika Afrika nzima hawana pengi pa kwenda.

Na kuna wizi wa kimyakimya. Viazi vya okidi zetu huchimbwa, hutiwa magunia na kuvushwa kwenda Zambia, ambako hupikwa na karanga kuwa chikanda, kitoweo kinachopendwa sana kule. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti walikadiria kuwa kati ya viazi milioni 2 na milioni 4 vilikuwa vinatoka huku kila mwaka. Wachimbaji ni akina mama na vijana wenye shida ya ada na sabuni, siwalaumu. Nataja tu kwamba mahali patupu hapawezi kutoa magunia hayo.

Sasa niseme kosa langu, maana mwalimu anayesahihisha madaftari ya wenzake na kuficha lake hafai.

Mwaka 1998 mradi mmoja ulikuja kijijini kwetu kugawa miche bure. Nikachukua milingoti mia sita. Nilikuwa na cheti cha ualimu wa baiolojia mfukoni, nikaipanda kwenye kichwa cha bonde la bibi yangu, juu ya chemchemi, kwa sababu ndipo udongo ulipokuwa laini. Bibi alisimama na mkongojo wake akatazama, akaniuliza, "Mjukuu wangu, hao wote watakunywa wapi?" Nikacheka. Chini ya chemchemi ile kulikuwa na vinyungu, yaani bustani za bondeni, vya familia tano: maharage, mahindi ya kiangazi, mboga. Mwaka 2006 maji yalipungua hata kijisima kikawa kinajaa usiku tu. Mwaka uliofuata, mwezi wa Oktoba, palikauka. Vinyungu vikaisha. Bibi alikuwa ameshafariki, na majirani, kwa heshima yake, hawakuniambia kitu. Walipita tu kwangu na ndoo kichwani kwenda mto wa mbali.

Miaka mingi nilijiambia ni ukame. Kisha nikakutana na habari za jaribio la Mokobulaan, kule Mpumalanga, Afrika Kusini. Wenzetu walichukua mabonde madogo yenye nyasi za milimani, wakapima maji ya vijito vyake, kisha bonde moja wakapanda milingoti na lingine misindano. Kijito cha bonde la milingoti kilikauka kabisa mwaka wa tisa. Kile cha misindano, mwaka wa kumi na mbili. Milingoti ilipokatwa ikiwa na miaka kumi na sita, maji hayakurejea sawasawa mpaka miaka mitano ikapita. Nilipofika kwenye "mwaka wa tisa" niliweka karatasi mezani nikatoka nje.

Wenzetu hao hawakuishia kwenye makabrasha. Sheria yao ya Maji ya 1998 inahesabu upandaji wa miti ya biashara kuwa shughuli inayopunguza maji ya mto, na mwenye kutaka kupanda anaomba kibali cha maji kama anavyoomba mwenye skimu ya umwagiliaji. Mti unahesabiwa kuwa mnywaji, kama alivyouliza bibi.

Naomba nisieleweke vibaya. Nguzo ya umeme iliyo mbele ya nyumba yangu imetoka kwenye mlingoti, pengine wa Mufindi. Mbao za kitanda changu ni msindano. Kwa mkulima wa Njombe miti ni benki: mtoto akifaulu kwenda chuo, anauza nusu ekari. Shamba la miti la Sao Hill limelisha na kusomesha watu wengi, na sitaki likatwe. Kuna ardhi tele iliyokwisha kulimwa na kuchoka, na huko miti ipandwe hata kesho. Ninachokikataa ni kuchukua kilima ambacho hakijawahi kuguswa na jembe, kukipanda mti wa kigeni wa aina moja, halafu kukiingiza kwenye taarifa ya uhifadhi. Hiyo ni biashara ya mbao. Ni biashara halali, iitwe kwa jina lake na ilipe maji yake.

Na maji ni ya wengi. Mto Ruaha Mkuu unakusanya vijito vya Poroto na Kipengere, unashuka bonde la Usangu, unapita Hifadhi ya Ruaha, unajaza mabwawa ya Mtera na Kidatu, unaungana na Rufiji kuelekea Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115. Tangu 1993 mto huo umekuwa ukikatika kiangazi ndani ya hifadhi, viboko wakabaki kwenye madimbwi. Sababu kubwa imekuwa matumizi ya maji huko Usangu, mpunga na mengine, na sitaibebesha milingoti mzigo usio wake wote. Lakini nyasi za juu na mabonde yake ya majimaji ndizo godoro lililolowa linalochuruzika pole pole miezi ya Agosti na Septemba, wakati mvua imeshasahaulika. Godoro hilo tunaliwekea mapampu mia sita kwa kila bonde.

Tumeshawahi kulipa bei ya kutotazama. Mwaka 1996, wakati mradi wa umeme wa Kihansi umeshaanza, watafiti walikuta kwenye korongo chura mdogo wa njano asiyezidi sentimita tatu, anayezaa watoto badala ya kutaga mayai, akiishi kwenye manyunyu ya maporomoko katika eneo la hekta chache tu. Hakuwepo popote pengine duniani. Maji yalipogeuzwa kuingia kwenye mitambo ya megawati 180, manyunyu karibu yote yakaisha. Ikabidi kutandazwa mabomba ya kunyunyizia maji korongoni, vyura wapatao 500 wakapandishwa ndege kupelekwa Marekani, na baadaye ugonjwa wa kuvu ukawamaliza waliobaki. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba hayupo tena porini. Walianza kurudishwa nyumbani mwaka 2010 na kuachiwa korongoni 2012. Umeme tunautumia, na siulaumu. Ila gharama ya kumwokoa chura baada ya uamuzi imekuwa kubwa kuliko ambavyo ingegharimu kumtafuta kabla ya uamuzi. Vilima vyetu vya nyasi havijatafutwa. Mtu hajavipita kwa daftari na penseli kabla ya kamba ya mashimo kunyoshwa.

Basi naomba nini? Kwanza, kabla ya kilima chochote kupandwa, apite mtu anayejua mimea, msimu wa mvua, siku moja tu. Herbaria (hazina za mimea iliyokaushwa) na vyuo vikuu tunavyo, walimu wastaafu tupo, na wengi wetu tutakuja kwa nauli na chai. Kikionekana hakijawahi kulimwa na kina mimea yake, kiachwe, na mpango wa matumizi bora ya ardhi wa kijiji ukiandike kwa jina lake: hifadhi ya nyasi ya kijiji. Malisho yaendelee, majani ya kuezekea yaendelee kukatwa. Kikiandikwa hivyo kinatumika, na mwenye gari na ramani hana la kuuliza. Hili halihitaji bunge. Linahitaji mkutano mkuu wa kijiji na muhuri.

Pili, malengo ya miche. Halmashauri ikipewa idadi, itafikisha idadi. Ulizeni imepandwa wapi na ni miti gani. Kwenye misitu iliyokatwa pandeni mipodo na mikuyu na miti mingine ya kwetu. Vitalu vyetu karibu vyote vinaotesha misindano na milingoti kwa sababu hakuna aliyewahi kuviagiza kingine. Na palipo nyasi za asili, lengo liwe sifuri. Najua sifuri haipendezi kwenye jedwali.

Tatu, Bodi za Maji za Bonde la Rufiji na Bonde la Ziwa Nyasa zishirikishwe kabla ya shamba kubwa la miti kuanzishwa kwenye kichwa cha bonde. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imeweka mita 60 kutoka mtoni. Vizuri. Lakini pale juu, ambapo mto bado ni unyevu ndani ya udongo, hakuna anayejua aanze kupima mita hizo wapi, kwa hiyo hazipimwi. Mimi nilipanda mita kama 40 juu ya jicho la chemchemi na hakuna aliyeniuliza. Ningeuliza nani? Nilikuwa ndiye msomi wa kitongoji.

Kuna jambo la Bujingijila pia, ambalo si la nyasi lakini nisipolitaja wenzangu wa Rungwe hawatanisamehe. Kile kipande chembamba kinachounganisha msitu wa Mlima Rungwe na ule wa Livingstone ndiyo njia pekee ya kipunji wa upande mmoja kuonana na wa upande wa pili. Kimechakaa kwa moto kichaa na mashamba. Hapo ndipo miti ya asili inapotakiwa kupandwa. Mkitafuta mahali pa kuweka turubai na spika msimu ujao, wekeni karibu na hapo, na mimi nitapiga makofi kwa mikono yote miwili.

Sisemi mengi kuhusu fedha, nyinyi mnazijua kuliko mimi. Nimeona tu kwamba kukiacha kilima kilivyo ni bei nafuu kuliko miche elfu ishirini, na huenda ndilo tatizo lake: hakina mzabuni.

Ile milingoti yangu mia sita niliikata mwaka 2015, yote, na visiki nikavichoma vikatoka tena, nikavichoma tena. Nilinunulia mabati. Chemchemi ilianza kuloanisha udongo baada ya miaka kadhaa. Sasa inatoa maji ya kujaza ndoo mbili asubuhi. Familia mbili kati ya tano zimerudi kulima vinyungu. Okidi sijaziona, na kila Januari ninapita pale kutafuta.

Waheshimiwa, Januari ijayo mnipe siku moja. Nitawasubiri Chimala saa mbili asubuhi, tupande zile kona hamsini na saba kwenda Matamba, tufike Kitulo mvua ya mchana haijaanza. Kisha tutashuka kwenye kilima kimoja nje ya hifadhi ambacho kamba bado haijanyoshwa, tukae chini kila mtu na kipande chake cha mita moja kwa moja, tuhesabu. Mvae viatu vya kuchafuka. Miche mnaweza kuiacha kwenye gari.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu mstaafu,
Uyole, Mbeya.